Chumvi, Umande na Rangi: Sayansi ya Fundi wa Pikipiki Uroa

Kusi likishika mwezi wa Juni, mawimbi hupasuka kwenye mwamba ulio mbele ya Uroa, na upepo huchukua matone madogo yasiyoonekana kwa macho hadi kijijini. Mengi hupoteza sehemu ya maji yake yakiwa bado angani, zikabaki chembe zenye chumvi nyingi. Chembe hizo hutua juu ya mapaa ya bati, juu ya mwani ulioanikwa, juu ya misumari ya milango na juu ya kila pikipiki iliyolala nje. Mwenye Vespa au Boxer katika pwani hii ya mashariki ya Unguja anajua pa kuangalia kwanza: chini ya tenki, ndani ya madigadi na kwenye maungio ya fremu. Huko ndiko kutu inakoanzia.

Kwa hiyo kibanda cha kupiga rangi pikipiki katika ukanda huu hakiishii kwenye urembo. Mteja huja na picha kwenye simu: tenki jeusi lenye ndimi za moto mwekundu, jina la mwanawe, rangi za timu yake. Fundi huipokea picha, kisha hupitisha kidole chini ya tenki kutafuta mahali rangi ya zamani ilipofura. Pale ndipo kazi ilipo. Maua na majina yatadumu kwa kadiri rangi itakavyoshikamana na chuma, na jambo hilo huamuliwa na hewa ya siku ile ya kazi kuliko linavyoamuliwa na bei ya kopo. Fundi rangi hodari wa Uroa ni mjuzi wa hewa, na ujuzi wake unastahili kuitwa sayansi.

Kipupwe na maji ya angani

Kwa fundi wa Toronto au Stockholm, majira ya baridi ni vita vya kupasha joto. Rangi za kisasa zenye hadina, yaani kigumishi kinachochanganywa kwenye rangi, hukauka kwa mmenyuko wa kikemia, na kwa kawaida mmenyuko wa aina hiyo hupungua kasi kwa takriban nusu kila joto linaposhuka nyuzi 10. Chini ya nyuzi 10 rangi nyingi za namna hiyo karibu husimama. Fundi wa huko analazimika kuwasha hita mchana kutwa.

Kipupwe cha Unguja hakina shida hiyo. Kati ya Juni na Agosti usiku huteremka hadi nyuzi ishirini na ushei, na mchana hupanda hadi karibu 28. Makopo mengi ya rangi yameandikwa muda wa kukauka kwa joto la nyuzi 20 au 23, kwa hiyo msimu wetu wa ubaridi ndio unaokaribia zaidi maelekezo ya kiwandani. Adui wa Uroa ni maji yaliyojificha hewani.

Hesabu yake ni hii. Katika nyuzi 0, mita moja ya ujazo ya hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 5 hivi za mvuke wa maji. Katika nyuzi 27 inaweza kubeba karibu gramu 26. Hewa ya Uroa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, jambo la kawaida pwani, kila mita ya ujazo ina gramu 20 na zaidi za maji. Hewa hiyo ikigusa kitu chenye nyuzi 23 tu, mvuke huanza kugeuka umande juu yake, kama chupa ya soda inavyotoka jasho ikitolewa kwenye friji.

Tenki la chuma lililolala kibandani usiku kucha linaweza kuwa na nyuzi hizo hizo 23 asubuhi, wakati hewa ya nje imeshaanza kupata joto. Ukilitazama linaonekana kavu, kumbe limevaa utando wa maji mwembamba mno. Wataalamu wa rangi za chuma wameweka kanuni: chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke huanza kugeuka umande. Katika mfano wetu, tenki lifike nyuzi 26 kabla ya kupulizwa, na hewa yenyewe ina 27. Nafasi iliyobaki ni nyuzi moja tu.

Hata hiyo inaweza kupotea. Thina inapoyeyuka kutoka kwenye rangi mbichi huondoka na joto, na uso wa rangi hupoa ghafla. Ukipoa hadi kufikia kiwango cha umande, maji hutua ndani ya rangi na weupe kama ukungu hutokea. Wengi hudhani rangi ni bandia. Dawa yake ni thina inayoyeyuka polepole, mipako myembamba na subira kati ya mpako mmoja na mwingine.

Hapa ndipo ratiba ya siku inapozaliwa. Alfajiri, unyevu wa hewa uko juu kabisa, kwa hiyo saa za mwanzo ni za kufungua mapande, kuosha na kupiga msasa. Pikipiki hutolewa ili jua lipashe chuma. Kuanzia kama saa nne, jua limekausha hewa kiasi na upepo wa baharini haujapata nguvu zake zote; huo ndio wakati wa bunduki ya rangi. Alasiri kusi hupuliza vumbi na chumvi, na kazi hurudi kwenye msasa, vipimo na mazungumzo na wateja. Mteja akisema, "Fundi, naitaka kesho," anayejua kazi yake humjibu kwa upole kwamba kesho itategemea asubuhi itakavyoamka.

Chumvi haiondoki kwa msasa

Kutu huhitaji chuma, maji na oksijeni. Elektroni hutoka sehemu moja ya chuma na kupokelewa sehemu nyingine, na maji yaliyo katikati ndiyo yanayokamilisha njia ya umeme huo mdogo. Chumvi huyafanya maji hayo yapitishe umeme kwa urahisi zaidi, na kloridi yake hupenya na kuvunja utando unaojaribu kukilinda chuma.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba chumvi haingoji mvua. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe unyevu ukipita asilimia 75. Kloridi ya magnesi, iliyomo pia kwenye maji ya bahari, hufanya hivyo kuanzia karibu asilimia 33. Usiku wa Uroa hupita viwango vyote viwili. Pikipiki ambayo haikunyeshewa hata tone inaweza kulala imelowa usiku mzima.

Sasa fikiria fundi mwenye haraka anayekwangua kutu kwa msasa, akafuta kwa kitambaa na kupuliza rangi. Msasa umeondoa wekundu wa juu, lakini chembe za chumvi zimebaki ndani ya vishimo vya chuma, nyingine zimesukumwa ndani zaidi. Rangi nayo haizuii kabisa mvuke wa maji. Hupita ndani yake polepole. Mvuke ukifika kwenye chumvi iliyozikwa chini, hugeuka maji na kuiyeyusha, na maji zaidi huvutwa kutoka nje. Baada ya miezi malengelenge hutokea. Kutu inayozaliwa humo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili na zaidi, hivyo huinua rangi na kuibandua.

Kwa sababu hiyo kifaa muhimu cha kwanza kibandani ni maji matamu. Pikipiki huoshwa kabla ya msasa na kuoshwa tena baada yake. Wala si kila maji yanafaa: visima vingi vya pwani yetu ya mawe ya matumbawe vina maji ya chumvichumvi, na kuosha chuma kwa maji hayo ni kurudisha kile kilichotolewa. Maji ya mvua ya masika yaliyohifadhiwa kwenye tangi ni hazina. Baada ya kuosha, chuma hukaushwa mara moja na praima hupigwa siku hiyo hiyo. Praima yenye zinki ina faida ya ziada: zinki huliwa kwanza badala ya chuma, siri ile ile inayolinda mabati ya nyumba zetu. Nayo puti, ile inayojaza mabonde ya chuma, isipigwe msasa wa maji kabla ya kufunikwa, kwa sababu ina vitundu vinavyonyonya maji na kuyaweka.

Vespa inadai uangalifu zaidi. Tangu Piaggio ilipoitoa mwaka 1946 nchini Italia, bodi yake ya chuma ndiyo hiyo hiyo fremu yake. Kutu ikitoboa bodi, imekula kile kinachombeba mpandaji.

Mtego ndani ya kompresa

Maji mengine fundi huyatengeneza mwenyewe bila kujua. Kompresa inapobana hewa hadi mgandamizo wa bar 8 juu ya ule wa kawaida, mita ya ujazo nzima hubanwa ikawa sehemu moja ya tisa. Mvuke haubanwi na kubaki mvuke wote. Hewa ikipoa ndani ya tangi, kati ya gramu zile 20, zaidi ya 17 hugeuka maji. Bunduki inayotumia lita 300 za hewa kwa dakika ikipuliza kwa saa moja, tangi litakusanya karibu theluthi moja ya lita. Maji hayo yakipita kwenye mpira hadi kwenye bunduki, hutua juu ya tenki kama vitone. Kufungua koki ya chini ya kompresa kila asubuhi na kufunga kichujio cha maji ni kazi ya dakika chache, na huokoa kazi ya siku nzima.

Kutoka sifa hadi hadina

Pwani hii ilijua elimu ya mipako kabla ya pikipiki kufika. Mabaharia walipaka sifa, mafuta ya papa, kwenye mbao za jahazi, na chini ya maji walipaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Kuna mafuta ya samaki ambayo huchukua oksijeni ya hewa na kugeuka utando mgumu. Ng'ambo ya pili ya dunia, nahodha Robert Fergusson aliona mafuta ya samaki yakizuia kutu kwenye sitaha ya chuma, na mwaka 1921 akaanzisha nchini Marekani kampuni ya Rust-Oleum kwa wazo hilo.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka Ujerumani. Mwaka 1937 Otto Bayer na wenzake waligundua poliyurethani, ambayo leo ndiyo msingi wa klia nyingi zinazopigwa juu ya rangi za pikipiki. Hadina ina isosianeti, ambayo hufunga minyororo ya rangi kuwa wavu mmoja usioyeyuka kwa petroli. Isosianeti huyapenda maji pia. Ikikutana na unyevu hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na vipovu hubaki ndani ya klia. Hewa ya Uroa ikipuuzwa, huingia hadi ndani ya kopo.

Klia hiyo ndiyo pia mwavuli wa rangi. Uroa iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini. Mionzi ya urujuanimno huvunja vifungo vya kikemia, na baadhi ya rangi nyekundu na za njano huwa za kwanza kupauka. Klia yenye kinga ya mionzi si anasa hapa.

Pumzi ya fundi

Bunduki ya rangi ilitokana na tiba. Daktari Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, alibuni kifaa cha kupulizia dawa kooni mwishoni mwa karne ya 19, na mwanzoni mwa karne ya 20 mwanawe Thomas akakigeuza kupulizia rangi. Ufundi uliobuniwa kufikisha dawa mwilini kwa matone madogo leo unaweza kufikisha sumu kwa ubora ule ule.

Isosianeti ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya pumu ya kazini duniani. Harufu yake haitoi onyo, kwa sababu hudhuru kabla pua haijaihisi. Mwili ukishaikataa mara moja, kiasi kidogo sana baadaye kinaweza kubana kifua. Kitambaa kilichofungwa puani na barakoa ya hospitali havizuii mvuke wala matone hayo. Kinga inayopendekezwa ni barakoa inayoleta hewa safi kutoka nje ya eneo la kazi, pamoja na glavu, kwa kuwa ngozi nayo hupokea sumu. Ukungu usioonekana hubaki hewani baada ya bunduki kuzimwa, na mwanafunzi anayefagia kibanda huuvuta sawa na fundi wake.

Vijana wengi hujifunza kazi hii kwa kusimama pembeni ya fundi na kushika mpira wa hewa. Wanajifunza kuchanganya rangi, kuchora na kung'arisha. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali Zanzibar, mafundi wakongwe na wauzaji wa rangi wangefanya jambo kubwa wakiwafundisha pia kupima unyevu, kukitambua kiwango cha umande na kuvaa barakoa inayofaa. Kipima unyevu kidogo ni kifaa cha bei nafuu kuliko kurudia tenki moja lililoharibika. Barakoa ya kweli ni ghali zaidi, na wateja tunapaswa kukubali gharama yake iingie kwenye bei tunayotajiwa. Anayetaka pikipiki yake ing'ae miaka mitano mbele ya bahari ya Uroa amlipe fundi kwa kuosha, kwa kusubiri na kwa kujikinga, maana sehemu hizo tatu ndizo zinazobeba ule urembo anaouona.