Ugumu wa Kamani za Gari: Neno na Kipimo

Kamusi hutupatia neno kamani. Tanzania na Kenya wengi husema springi. Fundi wa Kolwezi, aliyerithi istilahi za Kifaransa, husema resori. Majina ni matatu, kitu ni kimoja. Utata umo katika neno ugumu, ambalo wanunuzi wengi hulichukua kwa maana ya uimara. Makala haya yanakusudia kuzitenganisha maana hizo, kwani kuzichanganya kwaweza kugharimu maisha barabarani.

Ugumu ni kiasi cha nguvu inayohitajika ili kuibonyeza kamani kwa urefu fulani. Kamani ngumu yaweza kuvunjika mapema, na iliyo laini ikadumu miaka mingi.

Ugumu huchaguliwa kwa kuzingatia mambo mawili: uzito unaobebwa juu ya kila gurudumu, na idadi ya mara ambazo bodi hupanda na kushuka kwa sekunde moja baada ya kutikiswa. Gari la kawaida huhitaji mara 1 hadi 1.5, gari la mtaani linalopelekwa pia kwenye uwanja wa mbio, karibu 2, gari la mashindano linalokandamizwa chini na upepo, 3 au zaidi. Tuchukue mfano wa kilo 300 juu ya gurudumu moja. Kwa mara 1.2, ugumu unaopimwa penye gurudumu ni takriban nyutoni 17 kwa milimita. Kwa mara 2.4, ni 68. Yaani, idadi ikizidi mara mbili, ugumu huzidi mara nne.

Hata hivyo, mashindano yote hayana kanuni moja. Uwanja wa lami ni sawa kama meza, hivyo huruhusu kamani ngumu. Safari Rally ya Kenya, iliyoanza mwaka 1953 na kurejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, hupita penye mawe na mashimo. Huko magari huinuliwa na kupewa kamani laini zaidi, zenye nafasi ndefu ya kubonyea, ili gurudumu lifuate ardhi.

Njia za vumbi za Kolwezi zafanana zaidi na hizo za Safari. Mwenye teksi anayefunga resori ngumu mno kwa ajili ya mizigo hufaidika siku ya mzigo tu. Gari likiwa tupu, huruka-ruka. Tairi huachana na ardhi, na breki hukosa pa kushika. Basi, kabla ya kuuliza bei, na amweleze fundi uzito anaoubeba kila siku na njia anayopita, kisha ahakikishe kwamba shokapu zinalingana na kamani hizo. Uimara ni sifa ya kutafutwa daima. Ugumu ni kipimo cha kulinganishwa na kazi.