Dawa ya Kupe Si Dawa ya Mwasho wa Mtu

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Ndugu mkulima, ng'ombe wako akijikuna mtini, huchelewi kumwita daktari wa mifugo. Lakini wewe mwenyewe ukiwashwa kwapani au mapajani, wanyamaza kwa haya na kujikuna gizani mpaka ngozi ichubuke. Kisha siku moja waitazama chupa ya dawa ya kupe iliyo stoo na kusema moyoni, "Kama yaua kupe, yashindwaje na mwasho?" Tafadhali, usiiguse chupa hiyo. Soma kwanza habari hizi.

SABABU YAKE

Ziko sehemu za mwili ambapo ngozi hugusana na ngozi: kwapani, kinenani, kati ya matako, chini ya matiti, chini ya tumbo la mtu mnene, shingoni mwa mtoto mchanga, na katikati ya vidole vya miguu. Hapo jasho halipati upepo wa kulikausha. Ngozi hulowa, hulainika, husuguana na kuchubuka. Ndipo kuvu hupata mahali pa kuota.

Habari za kuvu wazijua. Mahindi huanikwa mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5, kwa maana yakiwekwa ghalani mabichi huharibika. Kuvu ya ngozi ni ya aina nyingine, lakini tabia ni moja: hupenda joto na unyevu. Kwa hiyo mkulima wa mpunga wa Mwea au Ahero, anayeshinda majini, aweza kupatwa. Na yule wa Kinangop, anayevaa viatu vya mpira na koti zito tangu kukamua alfajiri, aweza kupatwa vile vile. Si aibu, wala si dalili ya uchafu.

TIBA

1. Oga kila siku baada ya kazi kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kisha suuza povu lote.

2. Jikaushe kwa kitambaa safi kilicho chako peke yako. Gusagusa tu, usisugue. Hili ndilo jambo kubwa, na ndilo wengi hulisahau.

3. Nenda dispensari au kwa mwuza dawa mwenye leseni, uulize krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1. Paka kidogo asubuhi na jioni, uvuke ukingo wa upele kwa upana wa kidole.

4. Usiache mwasho unapokoma. Endelea mpaka wiki 2 au 4 zitimie, kama ulivyoelekezwa. Anayeacha mapema ni kama anayekata majani ya sangari na kuacha mizizi.

Jihadhari na krimu zilizochanganywa na steroidi. Hutuliza mwasho kwa siku chache, na huku kuvu ikizidi kuenea. Mwulize mwuza dawa kabla ya kulipa.

SI KILA MWASHO NI KUVU

Kama mwasho huzidi usiku, na watu kadhaa nyumbani wanajikuna, hasa kati ya vidole vya mikono, kiunoni na vifundoni mwa mikono, huenda ukawa upele unaoletwa na wadudu wadogo sana. Huo hutibiwa kwa dawa nyingine, na nyumba nzima hutibiwa siku moja, hata asiyewashwa. Nguo na matandiko hufuliwa kwa maji ya moto.

Kadhalika, ndama mwenye choa aweza kumwambukiza amshikaye. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kumhudumia, na umtibu ndama naye.

Mwasho ukirudi mara kwa mara, omba upimwe sukari ya damu, kwa maana kisukari hukaribisha kuvu. Ukiona homa, usaha, au wekundu unaoenea upesi na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

HATARI YA DAWA YA KUPE

Dawa nyingi za josho ni sumu inayopenya ngozi ya mtu, na hupenya upesi zaidi palipochubuka na penye mikunjo. Zile za jamii ya oganofosfeti huleta jasho na mate mengi, kutapika, macho kufifia na kupumua kwa taabu. Mtu aweza kufa. Mafuta ya taa na asidi ya betri nayo huunguza ngozi. Kama mtu amekwisha kujipaka dawa ya kupe, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, mpeleke hospitali mara moja, na uichukue chupa ili daktari aisome.

KINGA

Vaa nguo za pamba zisizobana, ubadilishe za ndani na soksi kila siku, na kuzianika juani. Uwe na jozi mbili za soksi za kazi. Ukitoka shambani, vua viatu vya mpira na uvipindue vikauke usiku kucha. Akina mama, kitambaa kikavu cha pamba chini ya matiti husaidia sana. Na mtoto mchanga akaushwe shingoni na mapajani kila baada ya kuoga.

Leo hii, kabla ya kulala, fungia dawa ya kupe katika sanduku lenye kufuli, na ufunguo ukae nawe.