Kipuri Kinasafiri, Injini Inabaki Nundu

Kinu cha kusaga muhogo hakifi kwa pistoni peke yake. Mara nyingi ugonjwa unaanzia kwenye pini ya milimita 8 inayounganisha mkono wa gavana na ufito wa pampu ya mazutu. Pete za pistoni za injini za Kichina zinauzwa, mikanda ipo, vichungi vipo. Pini hiyo haipo, kwa kuwa mfanyabiashara haagizi katoni nzima ya pini. Basi mwenye kinu anakata msumari mnene, anaupenyeza, anaukunja ncha, na kazi inaendelea. Haupiti muda injini inaanza kupanda na kushuka yenyewe: inanguruma, inafifia, inanguruma tena, na akina mama waliopanga mabeseni wanaulizana kama unga utatoka leo.

Dawa ni kukereza pini mpya. Lakini mtu wa Nundu, huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, anayetafuta mkerezaji anashika barabara ya taifa namba 5, anapita Swima na Makobola kuelekea Uvira, na injini haibebeki safari hiyo. Kinachosafiri ni kipuri. Na hapo ndipo kazi inapoharibika. Pini iliyolika inafungwa kwenye kipande cha kitenge, anakabidhiwa mwenye pikipiki, na maagizo ni mafupi: "Anitengenezee kama hii." Fundi mtiifu anatengeneza kama hiyo. Pini mpya inarudi na ugonjwa uleule wa mama yake.

Kabla ya kueleza jinsi ya kuagiza vizuri, tuone kwanza kwa nini kitu kidogo hivyo kinasumbua injini nzima. Injini ya silinda moja kama R175A imepangiwa kuzunguka mara 2,600 kwa dakika. S195, ambayo ni kubwa zaidi, mara 2,000. Anayelinda mwendo huo ni gavana. Ndani yake mna vizito vinavyozunguka pamoja na injini. Mwendo ukizidi, vizito vinatawanyika kuelekea nje, vinasukuma mkono, mkono unasukuma ufito wa pampu, na mazutu yanapungua. Mwendo ukishuka, springi inarudisha kila kitu na mazutu yanaongezeka. Mnyororo huo wa mikono, fito na pini unafanya kazi kwa mwendo wa milimita chache tu. Sasa chukua viungo vinne, kila kimoja kikiwa na ulegevu wa milimita 0.3. Jumla ni milimita 1.2 ambazo gavana anazisukuma bure kabla pampu haijapata habari. Habari ikifika imechelewa; gavana amekwisha kusukuma kupita kiasi, na anaanza kurudi. Ndiyo maana injini inapanda na kushuka. Watu wanakimbilia kubadilisha springi, wengine wanayalaumu mazutu ya magendo. Shika ufito kwa vidole injini ikiwa imezimwa, uusukume na kuuvuta. Ukihisi unacheza kabla mkono haujatikisika, usitafute mchawi mwingine.

Kuna hatari kubwa kuliko unga kuchelewa. Pini ikidondoka wakati pampu imefunguka yote, injini ya mazutu itaongeza mwendo bila mtu wa kuizuia. Hapo wenye busara wanafunga bomba la mazutu, wanalegeza nati ya bomba la injekta, au wanaziba njia ya hewa kwa kipande cha ubao. Kwa kiganja cha mkono, kamwe.

Kwenye moteri za boti zinazotumia esansi mambo yanafanana, ila sura ni nyingine. Katika moteri nyingi za mapigo mawili, ukizungusha mshikio, fito mbili zinaenda pamoja: moja inafungua kabureta, nyingine inasogeza wakati wa cheche. Ufito mmoja ukilegea, cheche na esansi vinaacha kwenda sawa. Moteri inakohoa katikati ya mwendo, na nahodha anadhani plagi imekufa.

Turudi kwenye kipimo. Pini iliyolika ina sehemu mbili: ile iliyokuwa ikisuguana, na ile iliyokuwa imejificha chini ya kichwa au pembeni karibu na tundu la kotapini. Iliyojificha ndiyo inayosema kweli. Ukiweka kipimio cha vernia katikati utasoma labda 7.6, chini ya kichwa utasoma 7.9 na zaidi kidogo. Pini hiyo ilizaliwa na 8. Andika 8 kwenye karatasi, kisha ipeleke karatasi pamoja na pini. Vipimo vingine vinavyotakiwa ni urefu kutoka chini ya kichwa hadi tundu la kotapini, na unene wa kichwa kama kuna nafasi finyu. Picha ya simu inasaidia kuonyesha umbo, haipimi kitu.

Asiye na vernia asikate tamaa. Seti ya kekee za kutobolea chuma ni kipimo tosha kwa matundu: kekee ya 8 inaingia, ya 8.5 haiingii, basi umelijua tundu. Ila jaribu pande zote, maana tundu la mkono uliofanya kazi miaka huwa si duara tena. Limekuwa duaradufu, limerefuka upande ule ambao pini ilikuwa ikivuta.

Hili la tundu ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mkerezaji anaweza kukupa pini iliyonyooka na kung'aa, lakini ukiiingiza kwenye tundu lililoharibika, ulegevu unabaki karibu palepale. Pini na tundu ni mke na mume. Huwezi kumpeleka mmoja kwa mganga ukamwacha mwingine nyumbani. Kwa hiyo usipeleke pini peke yake. Fungua mkono wenyewe, upeleke. Fundi ana njia mbili. Ya kwanza ni kulipanua tundu hadi liwe duara tena, tuseme 9, na kukereza pini nene ya kulijaza. Njia hii ni ya haraka, na inafaa ikiwa nyama ya chuma kuzunguka tundu bado ni nene. Ya pili ni kulipanua zaidi, hadi 12, na kusindilia bushi yenye tundu la 8 katikati. Mimi naipenda hii ya pili, kwa sababu safari ijayo utabadilisha bushi tu na mkono utabaki uleule. Bushi ikerezwe nje iwe kubwa kuliko tundu lake kwa milimita 0.02 au 0.03, ili ishike bila gundi. Ikishaingia itabanwa na tundu lake la ndani litapungua kidogo, ndiyo sababu fundi mzuri anamalizia tundu la ndani baada ya kuisindilia, si kabla. Pini ndani ya bushi iachiwe nafasi ya 0.05 hivi, pungufu ya unene wa unywele. Ikizidi sana umerudi ulikotoka. Ikipungua sana, vumbi la unga litakwama humo na gavana atashikwa.

Ufito wenye matundu mawili nao una siri yake. Ufito unaovutwa unalika kwenye kingo za nje za matundu, zile zilizo mbali na katikati ya ufito. Kingo za ndani zinabaki salama. Pima basi kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, ujumlishe kipenyo cha asili cha tundu moja. Hapo umepata urefu wa kweli kutoka kituo hadi kituo. Ukikosea urefu huo kwa milimita moja tu, injini haitazimika vizuri au haitafika mwendo wake. Kama ufito una meno ya kurekebishia, hesabu meno yaliyojitokeza nje ya nati kabla hujafungua, uandike.

Meno yenyewe yanataka tahadhari. Joseph Whitworth alipendekeza kipimo chake cha meno ya skrubu Uingereza mwaka 1841, na injini za zamani kama Lister, zile nzito zinazozunguka mara 650 kwa dakika, zilikuja nacho. Injini za Kichina na za Kijapani zinatumia milimita. Bolti ya Whitworth ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, kwa hiyo nati ya milimita 8 inaingia bila shida mizunguko miwili, mitatu, kisha inagoma, kwa sababu jino moja hadi lingine ni 1.41 badala ya 1.25, na pembe ya jino ni digrii 55 badala ya 60. Mwenye haraka anaongeza spana, na meno yanakufa pande zote mbili. Laza bolti unayoijua juu ya ile usiyoijua, utazame kwenye mwanga: meno yakikaa sawa bila kuacha upenyo, ni ndugu.

Chuma gani? Nondo ya nyumba ndiyo iliyo karibu, na ndiyo nisiyoipendekeza: haina ubora wa kuaminika, sehemu moja laini, nyingine ngumu, kisu cha mashine kinaruka. Fito za shokamzoba zilizokufa ni bora mara nyingi; zina ngozi ngumu ya kromu na zimesagwa kwa kipimo safi. Vijiti vya vali za injini kuukuu ni vigumu kweli, na kama unene wake unalingana na tundu lako, fundi anakata urefu tu. Kwa bushi, shaba nyeusi kutoka kwenye bushi kubwa za zamani haina mpinzani. Kanuni yangu ni kwamba kilicho rahisi kutengeneza ndicho kilike. Bushi iwe laini, pini iwe ngumu, mkono ambao haupatikani dukani usiguswe na msuguano kabisa. Pini ya chuma laini inaweza kugumishwa ngozi: izike ndani ya mkebe uliojaa makaa ya unga, ziba kwa udongo, uuache kwenye moto mwekundu mkali kwa saa kadhaa, kisha uitumbukize pini majini ikiwa bado nyekundu. Ndani inabaki laini, isivunjike. Nje inakuwa ngumu.

Wenzetu wa Mombasa na Unguja wanahangaika na chumvi, wanalazimika kutumia chuma kisichoshika kutu, ambacho pini na tundu vikiwa vyote vya aina hiyo vinang'ang'aniana. Sisi tuna maji baridi ya Tanganyika, na hiyo ni neema. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen katika ziwa hili Julai 1916, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Ilipoinuliwa mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini ya boti isiyozama inastahili angalau grisi kidogo kwenye pini zake.

Vipo vitu ambavyo mkerezaji mwaminifu atakurudishia. Kijiti cha ndani cha pampu ya mazutu na sindano ya injekta vinaachiana nafasi ya mikroni chache. Mashine ya kukereza ya mtaani haifiki huko, na anayekuahidi kuwa itafika anataka pesa yako. Bolti za konrodi pia zinunuliwe.

Mwambie mkerezaji akukerezee pini mbili, kwa kuwa kazi kubwa ni kufunga chuma kwenye chaki na kupanga kisu. Ya pili haimchukui muda. Na amalize unene wote wa pini bila kuifungua kwenye chaki, maana chaki iliyochakaa haishiki mara ya pili mahali ilipokuwa.

Pini ikirudi, ifunge, tia kotapini mpya, washa injini bila mkanda wa kinu na mkono wako ukae karibu na kizimio. Baada ya siku chache za kusaga, itoe uitazame. Iking'aa kuzunguka pande zote, irudishe na grisi. Iking'aa upande mmoja tu karibu na kichwa, mkono umepinda na unaibana pini kwa mshazari. Hapo kanyooshe mkono kwanza, kabla hujatuma mtu Uvira kwa pini ya tatu.