Kwa nini tunachora maua siku za mawingu

Baadhi ya kamati za sharika zimetuuliza kwa nini darasa la uchoraji hapa Tabora husubiri mvua. Sababu ni mwanga. Jua likiwa utosini, ua la mkrismasi hung'aa upande mmoja na kuwa jeusi upande wa pili, tena kivuli husogea kabla rangi haijachanganywa vizuri. Mawingu yakitanda, mwanga hutulia. Wekundu hubaki uleule kwa saa mbili tatu, na kijana huona hata machungwa yaliyojificha ndani yake. Mwaka wa kwanza tulichora juani. Picha nyingi tulizikwangua, na rangi ni ghali.

James Augustus Grant, aliyefika hapa na Speke kwa njia ya misafara Januari 1861, naye alikuta mvua. Alikusanya mimea na kuchora safarini kwa rangi za maji, ambazo hukauka upesi. Zetu zina mafuta ya kitani: hazikauki kama maji, huganda polepole kwa kushikana na hewa, na baridi na unyevu huzichelewesha. Kwa hiyo wafadhili walioagiza picha za Krismasi tunawaomba radhi. Zitasafirishwa Februari, zikiwa hazishiki vidole.