Kwa Nini Tetemeko la Ardhi Huua Maskini Zaidi?

Usiku wa tarehe 12 Agosti, 2020, watu wa Dar es Salaam na Unguja walitoka mbio majumbani mwao. Ardhi ilikuwa inatikisika. Tetemeko hilo lilitokea chini ya bahari, kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Nguvu yake ilipimwa ikawa 6.0. Hakuna aliyekufa.

Miaka minne kabla ya hapo, tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko la 5.9 lilipiga Mkoa wa Kagera. Nguvu yake ilikuwa karibu sawa na lile la baharini, lakini hili lilitokea penye makaazi ya watu. Watu wasiopungua 17 walikufa na mamia wakaumia. Nyumba zaidi ya 800 zilianguka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa. Watu wakalala nje.

Sasa hebu tutazame nchi mbili za mbali, Haiti na Chile, zote za upande wa Amerika. Januari 2010, Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0. Waliokufa walizidi 100,000. Februari mwaka huo huo, Chile nayo ikapigwa na tetemeko la 8.8. Usidanganyike na hesabu hizo kukaribiana. Tetemeko la Chile lilikuwa na nguvu mara 500 hivi kuliko la Haiti! Lakini waliokufa Chile walikuwa kiasi cha 500 tu.

Mbona hivyo? Ni kweli, la Haiti lilitokea karibu sana na mji mkuu. Lakini hiyo si sababu yote. Mtikisiko wenyewe hauui watu wengi. Kinachoua ni ukuta na dari. Chile ilikwisha kufundishwa na matetemeko ya zamani, likiwemo la 1960, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani. Ikaweka sheria za ujenzi, na ikawa na fedha za nondo na wataalamu wa kukagua. Kule Haiti wengi walijijengea tu, saruji haba na nondo chache.

Na sheria peke yake haitoshi. Uturuki ilikuwa nayo, wala si nchi maskini. Majengo mengi hayakuifuata, na Februari 2023 watu zaidi ya 50,000 walikufa huko.

Je, kwetu Pemba? Usidhani nyumba ya maskini kabisa ndiyo mbaya kuliko zote. Nyumba ya fito na udongo iliyoezekwa makuti ni nyepesi. Ikitikiswa huyumba, udongo ukamwagika, na makuti yakimwangukia mtu anaweza kutoka. Ya kuogopa zaidi ni nyumba ya mtu aliyeanza kujikwamua. Kauza karafuu zake, kanunua matofali, saruji imempungukia, basi fundi anazidisha mchanga. Ukuta unasimama na unapendeza, lakini ni mzito na haukushikana. Huko Bukoba nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali yasiyofungwa kwa nondo.

Kinachofunga kuta ni mkanda wa zege wenye nondo, unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha. Pembe za nyumba ndizo zinazoachana kwanza, kwa hiyo nondo zikunjwe kwenye kona, zisikatwe hapo. Mchanga wa pwani usitumike kwa zege hilo, kwani chumvi yake hula nondo. Kazi hii hufanywa kabla ya kuezeka. Bati likishapigwa, fundi hana pa kuupitisha mkanda ila abomoe.