Mtoto anapokataa dawa

Mtoto mwenye nimonia mara nyingi huandikiwa vidonge vya amoksisilini vinavyoyeyuka, asubuhi na jioni kwa siku 5. Kina mama wengi hukwama mapema: mtoto anafunga mdomo, anatema, analia. Usimbane pua, wala usimlaze chali na kummiminia. Dawa inaweza kuingia kwenye njia ya hewa ikampalia.

Fanya hivi:

1. Nawa mikono. Yeyusha kidonge kwenye kijiko chenye maji safi na salama, au maziwa yako uliyokamua.
2. Mpakate akiwa amekaa, kichwa kimeinuka. Mtu mwingine amshike mikono taratibu.
3. Weka dawa kidogo kidogo upande wa ndani wa shavu, si kooni. Subiri ameze ndipo uongeze.
4. Mpe maji au titi mara moja. Msifie.

Usichanganye dawa na bakuli zima la uji. Akibakiza, dozi haikukamilika. Usimwambie ni pipi, asije akaitafuta mwenyewe.

Akitapika ndani ya nusu saa, mpe tena dozi ileile. Maliza siku zote 5 hata akichangamka, maana ugonjwa unaweza kurudi.

Mpeleke kituo cha afya haraka, usiku au mchana, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa.