Mali bila daftari: tufanyeje tunaposhindwa kupanga mambo yetu?



Wapendwa wajumbe wa kamati za miradi za sharika, pamoja na marafiki mnaotusaidia kutoka karibu na mbali, katika toleo hili napenda tuzungumzie jambo ambalo kwa kawaida tunalisema kwa kunong'ona baada ya kikao. Wako watu miongoni mwetu ambao ni waaminifu na wachapakazi, lakini mambo yao hayana mpangilio. Funguo hazionekani, tarehe zinasahaulika, risiti zinapotea, na ripoti inaandikwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Nalijua jambo hili vizuri kwa sababu mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Yaliyotupata katika mradi wa tenki

Miaka michache iliyopita usharika mmoja ulikuwa unajenga tenki la kuvunia maji ya mvua kwenye shule ya chekechea. Fedha za awamu ya kwanza zilitumika vizuri. Msingi ulikamilika, kuta zilisimama, na mifereji ya kukinga maji ilinunuliwa. Ili fedha za awamu ya pili zitolewe, ilitakiwa ripoti pamoja na risiti zote. Risiti za saruji na nondo hazikuonekana.

Mtunza hazina wa kamati, mama mmoja mtu mzima, alisema alikwisha kuzikabidhi. Hakuwa na maandishi ya kuthibitisha hilo. Wiki zikapita na maneno yakaanza: kwamba saruji ilinunuliwa pungufu, kwamba nyumba yake imepakwa rangi mpya. Yule mama akaacha kukaa viti vya mbele kanisani. Mvua za masika zikanyesha na kwisha, tenki likiwa halina mfuniko wala plasta ya ndani. Kiangazi chote watoto walikuja shuleni wamebeba vidumu vya maji.

Risiti nilizipata mwezi Agosti ofisini kwangu, ndani ya jalada la semina ambayo haikuhusiana kabisa na tenki. Mama alikuwa amenikabidhi mlangoni nikiwa natoka kuwahi gari, nami nikazitia katika kitu cha kwanza nilichokuwa nimeshika. Zilikuwa kamili, haikupungua hata moja. Jumapili iliyofuata nilikwenda usharikani, nikasimama wakati wa matangazo na kueleza kosa lilikuwa la nani. Mama yule alinisamehe. Lakini aliacha kazi ya utunza hazina, na mpaka leo hajakubali kuirudia.

Kwa nini inatokea

Watu wengi hudhani kukosa mpangilio ni uvivu au ni dharau. Mara nyingine ni kweli, lakini si mara zote. Akili ya binadamu hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alikadiria kuwa ni mambo kama saba. Mwaka 2001 mtaalamu mwingine, Nelson Cowan, alionyesha kuwa idadi hiyo inakaribia manne. Unapowaza gari lisikuache, simu inaita, na papo hapo mtu anakukabidhi bahasha, moja kati ya hayo litakuponyoka.

Kwa baadhi ya watu, uwezo wa kupanga, kukadiria muda na kukumbuka hatua inayofuata huwa dhaifu tangu utotoni. Wengine hupungukiwa kwa kipindi fulani kwa sababu ya msiba, ugonjwa, kukosa usingizi au kubebeshwa kazi nyingi. Kumkemea mtu wa namna hiyo hakumwongezei kumbukumbu. Kunamfundisha kuficha makosa, na hapo tatizo linakuwa kubwa zaidi.

Hata hivyo tusijifariji. Mfadhili aliye mbali, na mjane aliyetoa sadaka yake, hawana njia ya kutofautisha risiti iliyopotea na fedha iliyoliwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mradi wetu mali haikupotea, lakini jina jema la mama yule lilipotea kwa miezi mingi.

Tusitegemee kichwa peke yake

Dawa si kuazimia kukumbuka zaidi. Mimi nimeazimia hivyo kila Januari bila mafanikio. Dawa ni kuyatoa mambo kichwani na kuyaweka mahali yanapoonekana.

Hata watu hodari wanahitaji jambo hili. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji: kwamba mgonjwa ndiye, sehemu ya kupasuliwa ndiyo, vifaa vimehesabiwa, na kadhalika. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji nane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara hapa kwetu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Madaktari na wauguzi wale walikuwa wanaijua kazi yao. Walichoongezewa ni karatasi moja na utaratibu wa kuisoma pamoja.

Kwetu sisi nashauri yafuatayo, ambayo nayafanya mwenyewe:

1. Daftari moja tu. Usiandike ahadi kwenye kiganja, kwenye karatasi ya matangazo na nyuma ya bahasha. Andika mahali pamoja na utembee napo.

2. Kila kitu na makao yake. Funguo zikae kwenye msumari mmoja. Risiti za kila mradi zikae katika bahasha yake, jina la mradi na mwezi vikiwa vimeandikwa juu.

3. Funga jambo jipya kwenye jambo la kawaida. Usiseme, "Nitaandika hesabu wiki hii." Sema, "Jumapili nikirudi kutoka ibadani, kabla ya chakula, nitaandika hesabu." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kuwa mtu anayetaja lini na wapi hutekeleza zaidi kuliko anayetaja nia peke yake.

4. Makabidhiano kwa maandishi. Tarehe, kilichokabidhiwa, idadi, na sahihi mbili. Daftari la shule linatosha. Kama tungekuwa nalo, yule mama asingeteseka hata siku moja.

5. Risiti za mashine za EFD zitolewe nakala au zipigwe picha siku ileile. Maandishi yake hufifia, hasa zikikaa juani au kwenye joto.

6. Tafuta mwenzi wa kukukumbusha. Kuomba msaada si aibu. Musa mwenyewe alilemewa na mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, mpaka mkwewe Yethro alipomwonyesha namna ya kugawa kazi (Kutoka 18).

Ombi kwa kamati na kwa wafadhili

Kwa kamati: tusimpe mtu utunza hazina kwa sababu tu anapendwa au ana mwandiko mzuri. Mwenye kipawa cha kuhamasisha watu ahamasishe, na mwenye utulivu wa karatasi atunze karatasi. Katika Matendo ya Mitume 6 mitume waliona kuwa hawawezi yote, wakachaguliwa watu saba kwa ajili ya huduma ya kila siku. Tena, mtunza hazina na katibu wakutane mara moja kila mwezi, hata kwa nusu saa, wahesabu risiti pamoja.

Kwa marafiki wafadhili: tunajua mnawajibika kwa waliowapa fedha, nasi hatuombi kusamehewa ripoti. Tunaomba fomu fupi, na tarehe tuzijue mapema. Fomu ya kurasa nyingi, vijijini, humwangukia mtu mmoja anayejitolea baada ya kutoka shambani.

Tenki lile lilikamilika mwaka uliofuata, na watoto hawabebi tena vidumu. Daftari la makabidhiano la usharika ule limefunguliwa, na jina la kwanza ndani yake ni langu: nilipokea risiti tano, nikatia sahihi, nao wakatia yao. Kamati ambazo bado hazina daftari kama hilo zilifungue kabla ya ziara yetu ya robo ijayo. Nikifika nitaomba kuliona, na ninyi msiniache niondoke na karatasi yoyote kabla sijatia sahihi.